Farrokh Bulsara na Kidonge cha Kila Baada ya Saa Nne

Ukimtajia mtu wa kwetu Mangapwani jina la Farrokh Bulsara, atakuuliza huyo ana duka wapi. Mtajie Freddie Mercury, hapo hata vijana wanaotembeza wageni kwenye chumba cha watumwa watakujibu papo hapo, kwa sababu wageni wengi wanaofika kwetu mchana, asubuhi yake walikuwa Shangani wakipigana picha mbele ya nyumba yenye jina lake. Makumbusho ya pale yalifunguliwa mwaka 2019. Wageni wanazijua nyimbo zake zote. Sisi wenyeji, tulio wengi, tunajua mambo mawili: alizaliwa hapa, na alikufa kwa UKIMWI. Likifika hilo la pili, watu hushusha sauti.

Mimi nataka nizungumze kwa sauti ya kawaida hapohapo. Nasoma famasia, mwaka wa tatu, na kila nikiweka tarehe za maisha ya huyu jamaa kando ya tarehe za dawa za virusi, naona zinafuatana kwa karibu mno halafu hazikutani. Alikuwa tajiri, alikuwa London, alikuwa na madaktari wa kumjia nyumbani, na bado dawa haikumfikia. Nikisema haikumfikia sina maana ya duka la dawa. Namaanisha haikufika ilipotakiwa kufika, yaani ndani ya seli, na kukaa humo muda wa kutosha. Sijaona mfano mzuri zaidi wa tatizo hilo kutoka kisiwani kwetu.

Alizaliwa Septemba 5, 1946, katika hospitali ya serikali mjini Unguja. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Wapasi wenye asili ya Gujarat, watu wa dini ya Zoroasta. Jina la Bulsara linatokana na mji wa Bulsar, ambao siku hizi unaitwa Valsad. Bomi alikuwa keshia wa mahakama kuu chini ya serikali ya Waingereza. Kazi ya heshima hiyo, ya shati jeupe na daftari la hesabu. Alipofika miaka 8 hivi mtoto akapakiwa melini kwenda skuli ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, milimani kusini ya Bombay, na huko ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie. Alijifunza piano, akaanzisha bendi ya skuli iliyoitwa The Hectics. Likizo nyingine alikaa hukohuko India kwa jamaa zake, kwa sababu safari ya meli kuja Unguja haikuwa ya kwenda na kurudi wikiendi. Mwaka 1963 akarudi nyumbani.

Hakukaa sana. Januari 12, 1964 yakaja Mapinduzi, na mwaka huohuo familia ikahamia Uingereza, ikatua Feltham, kitongoji kilicho karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Farrokh alikuwa na miaka 17.

Naomba mwaka huo uushike. Mwaka 1964 huohuo, mjini Detroit, Marekani, mkemia Jerome Horwitz alitengeneza molekuli aliyotarajia itatibu saratani. Aliijaribu kwa panya wenye saratani ya damu, haikufanya kitu. Akaiweka rafuni, hata hataza hakuichukua. Molekuli hiyo baadaye ikaitwa AZT. Wakati akina Bulsara wanafungua masanduku Feltham, dawa ya kwanza ya ugonjwa utakaomwua mtoto wao ilikuwa tayari imo ndani ya chupa upande wa pili wa bahari, haina kazi, na ugonjwa wenyewe hakuna aliyeujua.

Miaka ya katikati naipitia haraka, maana filamu imeshafanya kazi hiyo na kila mtu ameiona. Alisomea sanaa ya michoro Ealing, akamaliza 1969. Aliuza nguo za mtumba soko la Kensington pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor, na aliwahi kubeba mizigo Heathrow. Bendi ya kwanza aliyojiunga nayo Uingereza ilikuwa Ibex, ya vijana wa Liverpool. Mwaka 1970 ikaundwa Queen, na yeye akajipa jina la Mercury. Nembo ya bendi aliichora mwenyewe. Ile elimu ya Ealing haikupotea bure. Mwaka 1975 "Bohemian Rhapsody" ikashika namba moja Uingereza kwa wiki 9. Pesa zikaja, majumba yakaja, na mbwembwe zote zile.

Julai 13, 1985 akapanda jukwaa la Wembley katika tamasha la Live Aid, la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Dakika kama 20 tu, na mpaka leo wanamuziki wanazisoma dakika zile kama sisi tunavyosoma vitini vya mtihani. Sasa sikiliza: mwezi huohuo wa Julai 1985, mgonjwa wa kwanza mwenye UKIMWI alipewa AZT nchini Marekani kwa majaribio. Virusi vyenyewe vilikuwa vimegunduliwa 1983 tu. Kampuni ya Burroughs Wellcome ilikuwa imeitoa molekuli ya Horwitz rafuni, ikaijaribu kwenye seli zenye virusi, ikaona inafanya kazi.

Inafanyaje kazi? Kirusi cha UKIMWI kikiingia ndani ya seli hubeba maelekezo yake katika RNA, na lazima kiyanakili yawe DNA ili kujichomeka ndani ya kiini cha seli. Kunakili huko ni kama kujenga ukuta tofali juu ya tofali. AZT inafanana sana na moja ya matofali hayo, ila upande wake wa juu umeharibiwa, tofali linalofuata haliwezi kukaa. Ukuta unasimama hapo. Katika jaribio la mwaka 1986 lenye wagonjwa 282, waliokufa kati ya waliopewa dawa ya uongo walikuwa 19. Kati ya waliopewa AZT alikufa mmoja. Jaribio likasimamishwa kabla ya wakati ili wote wapewe. Machi 1987 dawa ikaruhusiwa.

Na mwaka 1987, mwezi wa Aprili kwa mujibu wa mwenza wake Jim Hutton, Farrokh akaambiwa kwamba ana virusi. Mwezi mmoja tu baada ya dawa kutoka! Mtu angesema bahati iliyoje. Ilikuwa ndiyo dawa pekee ya kuvipiga virusi vyenyewe, na iligharimu kati ya dola 8,000 na 10,000 kwa mwaka, fedha ambayo kwake ilikuwa si kitu.

Hapa ndipo somo langu la famasia linapoanza kuuma. AZT ikimezwa hufika kwenye damu vizuri, lakini baada ya saa moja hivi nusu yake imeshatoka. Kwa hiyo ilipangwa imezwe kila baada ya saa nne, miligramu 200, usiku na mchana. Saa mbili usiku, saa sita, saa kumi alfajiri, saa mbili asubuhi. Watu walitembea na visanduku vya dawa vyenye kengele, na kengele zikilia kwenye sinema kila mtu alijua nani ana nini.

Kuingia ndani ya seli AZT inaingia bila shida. Shida ni kwamba ikiingia bado haijawa dawa. Inabidi ipigwe mihuri mitatu ya fosfeti na vimeng'enya vya seli yenyewe. Fikiria abiria ameshuka boti Malindi na lazima apite kwa maofisa watatu. Wa kwanza anagonga haraka. Wa pili ana kazi ya polepole, kalamu haipatikani, mstari unajaa. Wa tatu anamalizia. Mwenye mihuri mitatu ndiye pekee anayeruhusiwa kufanya kazi mjini. Kwa nini basi tusiwapake abiria mihuri mitatu hukohuko Dar, waje tayari? Kwa sababu fosfeti zina chaji ya umeme, na ngozi ya seli ni mafuta. Kitu chenye chaji hakipenyi. Aliye na mihuri haingii, aliyeingia hana mihuri. Basi daktari anazidisha abiria, anajaza bandari, akitegemea kwamba wachache watapita. Na wale wengi waliobaki kwenye foleni wanafanya fujo: uboho wa mifupa unadhoofika, damu inapungua, misuli inakonda. Wagonjwa wengi wa miaka ile waliongezewa damu si kwa sababu ya virusi, bali kwa sababu ya dawa.

Halafu kuna maficho. Kwetu Mangapwani chumba cha watumwa kimechongwa chini ndani ya jiwe la matumbawe, paa lake liko chini chini karibu na usawa wa ardhi. Baada ya biashara ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1873, watu waliendelea kufichwa mle wakisubiri majahazi ya usiku, na meli za Kiingereza zilizokuwa zikipiga doria baharini hazikuona kitu. Sipendi kufananisha mateso ya watu na vijidudu, wazee wetu hawakustahili mfano huo. Lakini nilipofundishwa jinsi virusi vinavyojificha kwenye tezi, kwenye ubongo, na ndani ya seli za kinga zilizolala, picha iliyonijia ni ile doria. Dawa inapita kwenye damu juu, inaona bahari shwari. Na kwenye sehemu ambazo dawa inafika kidogo, kidogo kisichotosha, virusi vinajifunza. Mwaka 1989 watafiti walishathibitisha kwamba wagonjwa waliotumia AZT peke yake kwa miezi mingi walikuwa na virusi sugu.

Kwa hiyo Farrokh alikuwa na dawa ya dunia nzima mezani na wakati huohuo hakuwa nayo.

Alifanya nini? Alifanya kazi. Watu wanasahau jambo hili. Alikuwa ameshatumbuiza na Queen kwa mara ya mwisho Knebworth, Agosti 1986. Baada ya kuambiwa ugonjwa akarekodi "Barcelona" na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera, kisha akarudi studio na wenzake, albamu baada ya albamu. "Innuendo" ilitoka mwanzoni mwa 1991. Miezi ya mwisho alikuwa Montreux, Uswisi, kando ya ziwa, akiimba sehemu zake kabla nguvu hazijaisha ili wenzake wamalizie muziki baadaye. Nyimbo hizo zilitoka 1995, ameshazikwa.

Na alinyamaza. Waliojua ni wachache. Februari 1990 alipoonekana kwenye sherehe ya tuzo za Brit amekonda, magazeti yakaanza kuvizia mlango wa nyumba yake ya Garden Lodge, Kensington, na yeye akaendelea kukana. Kuna wanaomlaumu. Wakati huohuo Mwafrika Mashariki mwengine, mwanamuziki kama yeye, alikuwa amefanya kinyume kabisa: Philly Bongoley Lutaaya wa Uganda, aliyekuwa akiishi Sweden, alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI, akarudi kwao, akazunguka maskuli na makanisa na mwili wake uliokwisha ili watu waone. Alifariki Desemba 15, 1989. Namheshimu Lutaaya kupita kiasi. Ila simhukumu Farrokh. Lutaaya alikuwa na nchi ya kurudi kuzungumza nayo. Farrokh nchi yake ilikuwa wapi? Na kusema kweli, hata angerudi hapa mwaka 1990 akasimama Forodhani, tungempokeaje? Mwaka 2006, miaka 15 baada ya kufa kwake, ilipopangwa sherehe ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe, Uamsho walipinga na sherehe ikafutwa, kwa sababu ya namna alivyoishi na aliyeishi naye. Kila mtu ana msimamo wake kuhusu maisha yake, na sitaki gazeti hili la chama lifungiwe kwa ajili yangu. Nasema tu kwamba kirusi hakiulizi mtu ameishi na nani. Huku kwetu Afrika Mashariki sehemu kubwa ya maambukizi imepita baina ya wanaume na wanawake, wengi wao wana ndoa halali na cheti ukutani.

Mwishoni, watu wa nyumbani kwake walieleza baadaye, aliamua kuacha dawa, akabaki na za maumivu tu. Novemba 23, 1991 akatoa tangazo kwamba ana UKIMWI. Jioni ya tarehe 24 akafariki kwa nimonia, miaka 45. Makasisi wa Kizoroasta walisimamia mazishi, mwili ukachomwa, na majivu yalikowekwa ni siri mpaka leo.

Julai 1996, kwenye mkutano wa Vancouver, madaktari walionyesha kwamba dawa tatu kwa pamoja zinavituliza virusi kabisa. Miaka minne na miezi minane.

Dawa tatu zilitatua tatizo la usugu. Tatizo la kufika na kukaa zililipunguza tu, na hapa ndipo zinapoingia chembe za nano, jambo ambalo wenzangu wa vitivo vingine huniambia ni hadithi za sinema. Si hadithi. Wengi wenu mnayo mkononi, kwenye bega la kushoto: chanjo za Pfizer na Moderna za UVIKO ni vitone vya mafuta vya nano, na kazi ya kitone ni moja, kuipitisha RNA kwenye ngozi ya seli ambayo peke yake isingepita. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wako una upana wa nanomita 80,000 au zaidi. Kirusi cha UKIMWI kina kama 120. Chembe za dawa tunazozungumzia zina kama 100 hadi mia chache. Yaani dawa imevaa kimo cha adui.

Rudi kwenye abiria wa Malindi. Mwaka 2010 kundi la watafiti Ufaransa lilichapisha kazi ya chembe za nano zilizotengenezwa kwa chuma na molekuli za kaboni, zenye vitundu vingi ndani. Mimi nazifikiria kama jiwe la tumbawe la kuta za Mji Mkongwe: ukilitazama ni gumu, ukilimwagia maji linakunywa. Ndani ya vitundu hivyo waliweka AZT iliyokwisha kupigwa mihuri yote mitatu. Chembe inaingia ndani ya seli na mzigo wake, inayeyuka humo, abiria wanashuka moja kwa moja mjini. Bandari imerukwa. Kwenye seli za maabara ilifanya kazi dhidi ya virusi. Huko Nebraska, Marekani, kundi la Howard Gendelman limeshughulika na upande mwengine wa jambo hilo: seli za kinga zinazoitwa makrofaji ni walafi, humeza kila kichembe kinachopita, na ni hizohizo ambazo virusi hujificha ndani yake na kusafiri nazo mpaka kwenye tezi na ubongo. Basi wakazilisha chembe za dawa. Mlafi akawa mchukuzi. Ukiniuliza mimi, hiyo ni akili ya mvuvi, anayetia chambo mahali samaki anapokula kila siku.

Hizo mbili bado ni kazi za maabara na wanyama, nisiwadanganye. Kilichowafikia watu ni kitu cha kawaida zaidi, na pengine ndiyo maana kimefika. Liverpool, mji wa wale vijana wa Ibex, watafiti waligeuza dawa za zamani kama efavirenz na lopinavir kuwa chembe za nano za kumeza, wakawapa watu wazima wenye afya, na wakapata kiwango kilekile cha dawa kwenye damu kwa nusu ya dozi. Kwa serikali inayonunua vidonge vya mamilioni ya watu, nusu ya dozi si mchezo.

Kisha ikaja sindano. Cabotegravir ni dawa isiyopenda maji. Inasagwa pamoja na maji na shanga ndogo ngumu mpaka iwe fuwele za nanomita kama 200, inachanganywa ikawa kama maziwa meupe, na inachomwa kwenye msuli wa kalio, mililita 3. Ikimezwa kama kidonge, nusu yake huondoka mwilini kwa siku mbili hivi. Ikichomwa hivi, fuwele zinayeyuka polepole kwa wiki na wiki, kama chumvi mawe ndani ya mtungi uliotikiswa kidogo. Ikiambatana na mwenzake rilpivirine, mtu anapigwa sindano kila baada ya miezi miwili. Canada iliruhusu 2020, Marekani Januari 2021. Kutoka kila baada ya saa nne hadi kila baada ya miezi miwili: mwaka una dozi 2,190 za namna ya kwanza, na 6 za namna ya pili.

Nikasikia watu wakisema hizo ni dawa za Wazungu. Jaribio la CARES lilifanyika Uganda, Kenya na Afrika Kusini kwa watu 512, katika vituo vya kawaida, na kulikuwa na wasiwasi wa kweli kwa sababu aina ya virusi iitwayo A1, ambayo ni ya kawaida ukanda wetu, ilishukiwa kuishinda sindano. Baada ya wiki 48 waliochomwa na waliomeza walikuwa sawa, zaidi ya asilimia 95 kila upande virusi vimetulia. Na kwa kinga, jaribio la HPTN 084 lilichukua zaidi ya wanawake 3,200 katika nchi saba za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda. Novemba 2020 likasitishwa mapema kwa sababu sindano ya cabotegravir ilikuwa imeshinda kidonge cha kila siku kwa mbali, maambukizi yamepungua kwa karibu asilimia 90 ukilinganisha na waliopewa kidonge.

Kwa nini kidonge kilishindwa? Si kwamba hakifanyi kazi. Wasichana hawakukimeza, na ukiishi huku hushangai. Kopo la vidonge linalia. Kila anayeishi bweni analijua lile lio la vidonge ndani ya kopo la plastiki, na kila mwenye ARV anajua namna ya kulinyamazisha: unavihamishia kwenye kifuko, au unajaza pamba. Kwetu wapo watu wanaokipita kituo cha afya kilicho karibu na kupanda gari ya Bumbwini mpaka mjini kuchukua dawa wasikojulikana. Kiwango cha maambukizi Zanzibar kiko chini ya asilimia 1, na tunajisifu nacho, na haki tunayo. Lakini hebu fikiria maana yake kwa aliyemo ndani ya hiyo moja. Kwenye kijiji ambacho kila mtu anamjua kila mtu, uchache wenyewe ndio upweke. Farrokh alikuwa na kuta za Garden Lodge za kujificha nyuma yake. Mwanachuo mwenye chumba cha vitanda vinne ana nini?

Sindano ina kasoro zake na mtu wa famasia lazima aziseme. Rilpivirine ya sindano inataka friji, nyuzi 2 hadi 8, na kila mmoja wetu anaujua umeme wa shamba. Mwenye homa ya ini aina ya B haimfai, kwa sababu kidonge cha sasa cha kila siku kina tenofovir inayoshughulikia virusi vya ini pia, na sindano haina. Na homa ya ini ya B kwetu si ngeni. La tatu ndilo linalonitia khofu zaidi. Ukiacha sindano, dawa haiondoki siku moja. Mabaki yake yanabaki mwilini kwa miezi, hata zaidi ya mwaka, kiasi kidogo kisichotosha, na tumeshaona mwaka 1989 kidogo kisichotosha hufanya nini. Mtu akikosa tarehe kwa sababu gari halikuja, au ameenda dago, au mume amemkataza, mlango wa usugu unafunguka.

Julai 2025, kwenye mkutano wa Kigali, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano hiyo ya dawa mbili kwa watu wazima na vijana ambao virusi vyao vimeshatulia na hawana homa ya ini ya B. Kwa maana hiyo swali limeondoka maabara, limekuja kwetu. Wizara itahesabu bei, itahesabu friji, itahesabu wauguzi. Ninachoomba ni kwamba kwenye meza hiyo wawepo na watu wa rika letu, maana hesabu ya kopo linalolia haimo kwenye jedwali lolote nililofundishwa darasani. Kamati ya afya ya chama chetu inakutana mara moja kwa muhula. Muhula huu ajenda bado haijajazwa. Nimeipeleka hii kwa katibu kwa maandishi, na sahihi yangu iko chini.